Nguvu zako zimalize kabla unga haujalowa

Mpishi wa chapati akisifiwa, husifiwa mkono. Mlaji huitambua chapati iliyokandwa kivivu tangu anapoikata kwa vidole, kabla hajaifikisha mdomoni. Ugali nao husongwa mpaka jasho litoke, nazi hukunwa, kisamvu hutwangwa, na mtoto anayefundishwa kupika husikia agizo moja kuliko mengine yote: tia nguvu. Sasa pankeki nene za kuumuka zimeingia katika kifungua kinywa cha Jumamosi na Jumapili kwenye nyumba nyingi za mijini, na mkono uliozoea kazi hizo unazipika kwa desturi ileile. Mpishi hufuata vipimo vyote, hulipiga rojo mpaka ling'ae, kisha hutoa kikaangoni kitu kizito kinachotafunika kwa shida. Lawama huiangukia bekingi pauda. Wiki inayofuata huongeza kijiko kimoja, na safari hii pankeki ni nzito na pia chungu. Hoja yangu ni kwamba kosa halikuwa kwenye kopo, bali katika wakati ambao mkono ulianza kazi. Nguvu zote zinazohitajika katika pankeki zitumike kabla unga wa ngano haujakutana na maziwa. Baada ya hapo, kila mzungusho wa mwiko una gharama yake.

Sababu iko ndani ya ngano yenyewe. Punje yake ina protini mbili, gliadini na glutenini, ambazo zikiwa kavu hazina neno na mtu. Zikilowa na kukorogwa hushikana, zikafanya wavu unaovutika uitwao gluteni. Wavu huo ndio fahari ya chapati. Bila huo donge lisingesukumika likawa jembamba pasipo kupasuka, wala lisingevumilia kupakwa mafuta, kukunjwa na kusukumwa tena ili chapati itoke na matabaka. Mkate wa hamira nao unautaka, kwa kuwa hamira hufanya kazi polepole, saa nzima au zaidi, na gesi inayotoka kidogokidogo inahitaji kuta imara za kuizuia isitoroke. Pankeki haina muda huo. Inakaa juu ya moto dakika tatu au nne tu, na katika dakika hizo gesi inatakiwa itanuke upesi, ilinyanyue rojo, kisha joto liligandishe rojo kabla halijashuka. Wavu ukiwa umekakamaa, gesi haiwezi kuusukuma. Tena mkono uliokuwa ukiukaza wavu ulikuwa papo hapo ukivifukuza viputo vya kwanza vilivyokwisha kuzaliwa ndani ya bakuli.

Bekingi pauda, kwa hiyo, inastahili kuondolewa tuhuma. Zamani aliyetaka kitu kiumuke alitegemea hamira au mayai yaliyopigwa sana. Mwaka 1843 Alfred Bird, mkemia wa Birmingham nchini Uingereza, alitengeneza unga wa kuumulia kwa ajili ya mke wake, ambaye mwili wake haukupatana na hamira. Huko Marekani, Eben Horsford, profesa wa Harvard, alisajili mwaka 1856 njia ya kutumia asidi ya fosfeti iliyopatikana kwenye mifupa, badala ya ile iliyokuwa ikiagizwa Ulaya, inayotokana na mashapo ya mapipa ya mvinyo. Kanuni ni ileile hadi leo: sodiamu baikaboneti, asidi moja au mbili kavu, na wanga wa kuzitenganisha zisianze kugombana ndani ya kopo. Zikilowa, hutoa gesi ya kabonidayoksaidi. Makopo mengi ya siku hizi yana asidi moja inayoamka ikilowa na nyingine inayosubiri moto, ndiyo maana rojo linaweza kupumzika kidogo bila kupoteza uhai wake. Kijiko kimoja cha chai, au kimoja na nusu, kwa kila kikombe cha unga kinatosha kabisa. Ukizidisha, viputo hukua mno, huungana na kupasuka, pankeki hupanda kisha hubonyea, na chumvi zilizobaki huacha uchungu ulimini. Anayetumia unga uliokwisha kutiwa kiumulio kiwandani, aina aliyoibuni Henry Jones wa Bristol mwaka 1845, asiongeze chochote. Asome pakiti kwanza.

Wapo pia wanaojaribu magadi ya kupikia maharagwe. Yaache hukohuko kwenye maharagwe. Magadi yanayotoka Ziwa Magadi, kusini mwa Kenya, ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti, na hiyo kaboneti ni kali: itageuza pankeki rangi ya manjano na kuipa ladha ya sabuni. Bekingi soda tupu nayo, ikipashwa joto bila asidi ya kukutana nayo, huacha kaboneti hiyohiyo. Ndiyo sababu soda huandamana na mtindi, maziwa lala kwa Wakenya, kwa kiasi cha nusu kijiko cha chai kwa kikombe kimoja cha mtindi. Asidi ya mtindi huimaliza soda, na pia huifanya pankeki iwe na uchachu mdogo unaopendeza kuliko sukari yoyote ya ziada.

Ushahidi ninaouamini zaidi, hata hivyo, hautoki Birmingham wala Harvard. Uko Pwani, kwenye vibibi. Mchele hulowekwa, kwa kawaida usiku kucha, kisha husagwa pamoja na tui zito la nazi, hamira, sukari na iliki. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na blenda, na mpishi huiacha izunguke bila huruma mpaka asiisikie tena punje ya mchele kati ya vidole. Rojo huachwa liumuke, kisha humiminwa kwa upawa kwenye kikaango kidogo, na kinachotoka ni kitu laini chenye vitundu, ambacho mzee asiye na meno anaweza kukimaliza kwa raha. Kwa nini blenda haikukiharibu? Kwa sababu mchele hauna gluteni. Hakuna wavu wa kukazwa, hivyo unaweza kupiga mpaka umeme ukatike. Ndivyo ilivyo kwa vitumbua, na ndivyo ilivyo kwa mkate wa kumimina, ambao ute wa yai hupigwa na kuongezwa ili uupandishe zaidi. Mpishi wa Pwani amejifunza kwa uzoefu kwamba rojo lililopigwa vizuri hutoa kitu chepesi, na kwa mchele yuko sahihi kabisa. Tatizo huanza anapolihamishia funzo hilo kwenye ngano, mkono uleule na blenda ileile, akashangaa kwa nini nafaka hii ya pili inamkatalia.

Mtu anaweza kunirudi kwa anjera ya Wasomali, ile inayoliwa asubuhi Eastleigh kwa samli na sukari au kwa chai. Mara nyingi ina unga wa ngano ndani yake, hupigwa kwa mkono kwa nguvu nyingi, na bado hutoka laini yenye macho mengi upande wa juu. Jibu liko kwenye usiku. Rojo la anjera huachwa lichachuke kwa saa nyingi, na uchachu pamoja na mapumziko marefu huulegeza wavu uliokazwa na mkono. Isitoshe ni rojo jepesi, tena mara nyingi ngano imechanganywa na mahindi au mtama ambayo hayachangii chochote katika wavu huo. Atakayekuwa tayari kusubiri hadi kesho ana ruhusa ya kupiga. Anayetaka kula saa mbili asubuhi na ameamka saa moja na nusu hana.

Pingamizi linalotoka jikoni kwenyewe ni la heshima: rojo lenye madonge ni aibu. Tumelelewa kuamini kwamba madonge ni dalili ya uvivu, iwe kwenye uji au kwenye mchuzi, na kwa uji imani hiyo ni ya haki. Hapa ndipo mpangilio wa kazi unapookoa sifa ya mpishi. Chukua vikombe 2 vya unga, sawa na gramu 250 hivi, vijiko 3 vya chai vya bekingi pauda, nusu kijiko cha chumvi na vijiko vikubwa 2 vya sukari, uvichekeche vyote pamoja. Kuchekecha ndiko kunakoondoa madonge makubwa yaliyojificha pakitini, na unga ukiwa mkavu unaweza kuchekecha mara tatu ukipenda. Katika bakuli la pili piga mayai 2 kwa mchapo mpaka yatoe povu, yatie maziwa kikombe kimoja na nusu na siagi iliyoyeyushwa vijiko vikubwa 3. Hapo ndipo mahali pa kumaliza hasira zako. Kisha fanya shimo katikati ya unga, mimina maziwa yote kwa pamoja, na kwa mwiko mpana geuza kutoka chini kwenda juu, mara kumi au kumi na tano, mpaka usione tena unga mkavu. Simama. Rojo litakuwa zito, na litakuwa na vidonge vidogo. Liache dakika tano hadi kumi. Wanga utanyonya maziwa, vidonge vingi vitalegea vyenyewe, na vilivyobaki vitapotelea kwenye mvuke wa kikaango. Hata maelekezo ya pakiti nyingi za Kimarekani, zilizotayarishwa kwa wateja wasiotaka usumbufu, humwambia mnunuzi asiyaogope madonge. Aliyezoea kuuza pankeki hana sababu ya kumdanganya mteja katika hilo.

Pingamizi zito zaidi lina muhuri wa kifalme. Tarehe 24 Januari 1960 Malkia Elizabeth II wa Uingereza alimwandikia barua Rais Dwight Eisenhower wa Marekani, aliyekuwa mgeni wake Balmoral, Scotland, mwaka uliotangulia, akamtumia maelekezo ya vipankeki vya Kiskoti. Humo malkia anashauri kwamba rojo linataka kupigwa sana, na kwamba lisikae muda mrefu kabla ya kupikwa. Je, tumeumbuliwa? Tazama utaratibu wake. Mayai, sukari na kama nusu ya maziwa hupigwa kwanza. Unga huingia baadaye. Siagi iliyoyeyuka huingizwa taratibu mwishoni. Kupiga kwenye faida, basi, kunatangulia unga. Unga wa kawaida wa keki wa Waingereza nao hutokana na ngano laini, yenye protini chache kuliko unga wa matumizi yote ambao kwetu hutakiwa utoshe kwa chapati, mandazi na mkate kwa pamoja. Kuhusu kutokawia, alikuwa na haki kamili: kiumulio chake kilikuwa bekingi soda na asidi ya mapipa ya mvinyo, mchanganyiko unaotoa karibu gesi yake yote mara unapolowa, hauna akiba ya kusubiri moto. Na ikiwa alimaanisha kwamba rojo lipigwe sana hata baada ya unga kuingia, hapo, kwa heshima zote, nasimama upande wa gluteni.

Wajapani wamelifikisha jambo hili mbali kuliko mtu yeyote. Pankeki zao za sufule, zenye unene wa vidole vitatu na zinazotikisika sahanini, hazitegemei bekingi pauda sana. Ute wa yai hutengwa na kiini, hupigwa pamoja na sukari mpaka usimame wenyewe, kisha hukunjiwa ndani ya rojo la viini na unga kwa mkono mwepesi kabisa, zikapikwa kwa moto mdogo chini ya kifuniko. Nguvu imo, tena nyingi, lakini yote imeishia kwenye ute, ambao hauna gluteni. Sidhani pankeki hizo zinafaa nyumba yenye watoto wanne wanaosubiri mezani, maana kila moja hula dakika kumi na haisubiri mwenzake. Lakini kama ushahidi zinatosha.

Kuna anayeuliza kwa nini tuhangaike, ilhali tunazo chapati za maji. Zinatosheka na yai moja au hata bila yai, hupikwa kwa dakika moja kila upande, na huvumilia kitunguu na hoho kama zinavyovumilia sukari na iliki. Swali hili nalikubali kwa moyo mmoja. Chapati ya maji ni chakula kamili, na hainuii kuumuka. Rojo lake ni jepesi kiasi kwamba maji mengi huzitenga protini, na hakuna gesi ya kulinda. Anayezipenda asishawishiwe kuziacha. Ila asilichukue rojo la chapati za maji, akalitia bekingi pauda, akatarajia unene. Rojo jepesi husambaa kikaangoni kabla gesi haijapata cha kunyanyua.

Gharama ni hoja ya kweli kuliko fasheni. Mayai, maziwa na siagi kwa pamoja si kitu cha kila siku kwa familia nyingi, na sioni ubaya pankeki zikibaki za mwisho wa wiki. Mahali pa kuokoa fedha ni kwenye pakiti. Unga wa pankeki uliochanganywa tayari uliuzwa Marekani tangu 1889, kutoka kinu cha Pearl Milling cha St. Joseph, Missouri, na tangu mwanzo kimsingi ulikuwa ngano, kiumulio na chumvi, vitu ambavyo tayari viko kwenye kabati lako. Changanya mwenyewe kilo moja ya unga mkavu, uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, na umeshamiliki pakiti hiyo kwa bei ya unga. Yai likiwa moja badala ya mawili, mtindi utalifidia. Siagi ikikosekana, mafuta ya kula yanafanya kazi.

Wa mwisho katika foleni ni daktari, na huyu ana neno: unga mweupe, sukari, siagi. Kinachofurahisha ni kwamba ushauri wake na ulaini wa pankeki havigombani. Ulezi, au wimbi kwa Wakenya, hauna gluteni. Wala mtama. Ukiondoa theluthi moja ya unga wa ngano na kuweka unga wa ulezi, umepunguza malighafi ya wavu, na rojo litakusamehe hata ukilikoroga kidogo kupita kiasi. Ndizi mbivu iliyopondwa inafanya kazi hiyohiyo huku ikichukua nafasi ya sukari. Ulezi ukivuka nusu ya unga, kwa upande mwingine, pankeki hukosa kitu cha kuishikilia na huvunjika wakati wa kugeuzwa. Wavu kidogo unahitajika, na sijasema popote kwamba gluteni ni adui.

Kilichobaki ni moto, na hapa jiko la mkaa linahitaji ujanja kuliko la gesi. Pankeki nene inataka moto wa wastani unaofika katikati kabla ngozi haijaungua. Makaa hayana kitufe, lakini hufunikwa majivu, na mpishi anayejua kupalia wali kwa makaa juu ya mfuniko anajua tayari namna ya kulitawala joto kutoka pande mbili. Pasha kikaango kizito, kipake mafuta kidogo kisha uyafute. Mafuta yakitapakaa, pankeki hukaangika kwenye kingo na kupata mabakamabaka. Ngoja mpaka viputo vya juu vipasuke na vitundu vyake vibaki wazi bila kujifunga, kingo zikiwa zimekauka. Geuza mara moja tu. Usiigandamize kwa mwiko, kosa ambalo hufanywa hata na waliofuata kila kitu hadi hapo, kana kwamba mkono ulinyimwa kazi na sasa unadai haki yake.

Aliyeihamisha kazi hii kutoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ana jambo moja zaidi la kurekebisha. Huko juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na kiputo kilekile hutanuka zaidi kuliko pwani. Vipimo vilivyoleta sifa Kisauni vinaweza kutoa pankeki zilizobonyea Lang'ata. Punguza bekingi pauda kwa robo, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maziwa kwa sababu unyevu hukimbia upesi, na usiupandishe moto ili kufidia.

Rojo likibaki, litie kwenye friji, lakini usiliwekee matumaini ya kuumuka kesho: gesi nyingi itakuwa imekwisha kuondoka. Asubuhi liongezee maziwa au maji mpaka litiririke, kata kitunguu na hoho ndani yake, na hapo lipige kadiri unavyotaka. Zitakuwa chapati za maji, nazo hazidhuriki.